Nguo ya Ndani ya Wetisuti: Isisugue Ndani, Ikusitiri Nje

Kila msimu wa papa potwe kule Mafia, kati ya Oktoba na Machi, boti zinazotoka Kilindoni hujaa mazungumzo ya miwani, mapezi na kamera. Wetisuti nazo huulizwa: saizi ipi, unene gani, kukodi ni shilingi ngapi. Nguo inayovaliwa chini yake haimshughulishi mtu. Mgeni hufungua begi, akatoa bukta ya mpira au bikini ya kamba aliyoinunua kwa ajili ya picha za ufukweni, akaivaa, akajibana ndani ya wetisuti na safari ikaanza. Matatizo huja baadaye: fundo la kamba linachimba mgongoni, bukta imejikunja na kuchubua paja, na saa ya kuvua, chupi inateremka pamoja na wetisuti mbele ya nahodha na abiria wote.

Mambo haya yanaepukika, na hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kujua kwamba nguo ya ndani ina kazi mbili. Ukiwa majini, isisugue wala kuhama. Ukishavua wetisuti, ikusitiri yenyewe bila msaada. Nguo inayotimiza kazi moja tu kati ya hizo iache dukani.

Kwanza uijue wetisuti

Mpira wa wetisuti huitwa neoprini. Ulibuniwa na wanakemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifikiria kuutumia kumlinda mzamiaji na baridi. Hoja yake ilikuwa kwamba si lazima mzamiaji abaki mkavu. Maji kidogo yakiingia si neno, kwa sababu kinachozuia joto lisipotee ni viputo vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira.

Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takribani mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana hata katika bahari yetu ya joto, ambayo hufikia nyuzi 29 hivi mwishoni mwa kaskazi na kushuka hadi karibu 25 wakati wa kusi, mtu anayekaa chini ya maji dakika 45 huanza kutetemeka. Vituo vingi vya kuzamia vya Unguja, Pemba, Mafia, Diani na Watamu hutoa wetisuti za milimita 3, na wenye kusikia baridi upesi hupewa za milimita 5.

Wetisuti haifanyi kazi isipobana. Ikilegea, kila unapopiga mapezi maji baridi huingia shingoni na kutokea miguuni. Huko kubana ndiko kunakoamua uvae nini ndani, maana kila mshono, fundo, kifungo na pete ya chuma vitagandamizwa kwenye ngozi yako kwa muda wote wa safari. Juu ya hapo huja mkanda wa risasi, yaani wa uzito wa kumzamisha mzamiaji, kiunoni na kamba za jaketi la kuelea mabegani na kifuani. Ukifika mita 10, shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji. Viputo vya mpira hubanwa, wetisuti hunywea, na mkanda wa risasi hulegea hadi ukaukaze tena. Kama kiunoni umefunga fundo la kamba, mkanda huo utakaa juu yake. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kuvaa shanga kiunoni ni vyema azivue nyumbani siku ya kuzamia.

Kitambaa

Pamba iache pembeni. Fulana au chupi ya pamba hufyonza maji, huwa nzito, hujikusanya mahali pamoja na huchelewa kukauka. Katika mapumziko kati ya mzamo wa kwanza na wa pili, upepo wa boti ukikupiga ukiwa na pamba mbichi mwilini, baridi yake utaihisi hata jua likiwa la utosi.

Kitambaa kinachofaa ni nailoni au poliesta iliyochanganywa na laikra, ambayo kwenye lebo huandikwa pia elastane au spandex. Mchanganyiko unaopatikana sana ni nailoni kama asilimia 80 na laikra kama asilimia 20. Laikra ndiyo inayokifanya kitambaa kivutike na kurudi. Anayefanya mazoezi zaidi kwenye mabwawa ya hoteli au ya shule achague yenye poliesta nyingi, kwa kuwa klorini huila laikra na nailoni upesi.

Tazama pia mishono. Iliyo bora ni bapa, ile ambayo ukiipapasa kwa kidole hutahisi kivimbe. Kagua zaidi kwapani, kwenye kinena na chini ya matiti, kwa sababu ngozi ya hapo hukunjuka na kukunjwa kila unapopiga mapezi, na chumvi hugeuza msuguano mdogo kuwa kidonda. Lebo ya shingoni au kiunoni ikatwe kabisa, tena karibu na mshono, usiache kipande kigumu kitakachokuchoma.

Rangi nayo ni sehemu ya stara. Nyeupe, krimu na njano hafifu huonyesha ndani zikilowa, isipokuwa ziwe na bitana. Nyeusi, samawati iliyokoza na kijani kibichi hazina mashaka.

Kwa wanawake

Adui wa kwanza ni kamba. Bikini inayofungwa nyuma ya shingo hukalia pale pale ambapo ukosi wa wetisuti hubana zaidi, na baada ya saa moja shingo na kichwa huuma. Inayofungwa mgongoni huweka fundo chini ya zipu. Zile za kamba mbili ubavuni hufunguka wakati wa kuvua wetisuti, yaani wakati ambao mikono yako ina kazi nyingine.

Kinachofaa juu ni sidiria ya kuogelea iliyo kama ya michezo: ya kuvaa kwa kupitishia kichwani, yenye mikanda mipana, isiyo na waya, vifungo vya chuma wala urembo wa pete. Mgongo unaokutana katikati kwa kitambaa bapa haushindani na zipu. Sponji za vikombe zinazotoka zitoe, kwani hunywa maji, huhama na hujikunja. Mwenye matiti makubwa asitegemee wetisuti imshike. Itambana kweli, lakini ikifunguliwa zipu atabaki na sidiria yake tu, hivyo achague yenye mkanda mpana chini ya kifua.

Chini, chagua chupi ya kuogelea yenye kiuno cha juu au taiti fupi inayofika katikati ya paja. Taiti fupi ina faida mbili: huzuia mapaja kusuguana, na haiteremki kirahisi wetisuti ikivutwa. Kama ina kamba ya kukazia kiuno, funga fundo bapa kisha ulisukume ndani, likae pembeni kidogo na si mbele ambako bizimu la mkanda wa risasi hukaa.

Vazi la kipande kimoja nalo ni zuri, kwa kuwa halina cha kuachana katikati. Sharti ni urefu wa kiwiliwili. Fupi huvuta mabega na kukata kinena. Refu hulegea kifuani na kujikunja tumboni. Simama, inama uguse vidole vya miguu, kisha nyoosha mikono juu. Kama limekuvuta popote, si saizi yako. Ujue pia kwamba kwenda msalani ukiwa na kipande kimoja chini ya wetisuti ni kuvua karibu kila kitu. Maji ya bahari huisukuma damu kuelekea kifuani na mwili huitikia kwa kutengeneza mkojo zaidi, kwa hiyo haja hiyo haitakukosa. Siku ya safari ndefu, vipande viwili hurahisisha mambo.

Hedhi haizuii kuzamia kwa mwanamke mwenye afya anayejisikia vizuri. Pedi ya kawaida haifai, kwa sababu itajaa maji ya bahari mara moja. Hutumika tamponi au kikombe cha hedhi, na chupi za kuogelea zenye bitana ya hedhi kwa siku za mwisho zenye damu kidogo. Kitu kipya kisijaribiwe kwa mara ya kwanza baharini. Kizoee nyumbani mwezi mmoja kabla.

Kwa wanaume

Wanaume huamini jambo hili haliwahusu, na ndio wanaovaa vibaya zaidi. Bukta pana ya ufukweni, yenye mifuko, zipu na kibandiko cha kunata, ndiyo mbaya kuliko zote chini ya wetisuti. Hupanda juu, hujikunja kinenani na kuacha alama nyekundu kwenye mapaja. Kibandiko cha kunata hukwaruza neoprini yenyewe, na kama ni ya kukodi, aliyeiharibu hulipa.

Vaa chupi ya kuogelea au taiti fupi ya laikra inayofika juu kidogo ya goti. Isiwe ya kubana hadi kuumiza, ila ishike sehemu za siri mahali pamoja, kwa sababu wetisuti ikivutwa juu kwa nguvu na vilivyo ndani havijakaa sawa, utajuta. Chupi ya kawaida ya pamba si mbadala. Ikilowa huonyesha kila kitu, na mstari wa lastiki yake huchora jeraha kiunoni. Kama unaona haya kutembea na taiti kwenye boti, ile bukta yako pana ina kazi yake: ivae juu ya wetisuti, au ikae begini uivae ukishavua.

Stara na wetisuti

Kwa wasomaji wengi wa pwani, swali la kwanza si mchubuko ila stara. Wetisuti hufunika kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu, lakini huuchora mwili wote. Wapo wanaoacha kuzamia kwa sababu hiyo, na hawana sababu ya kuacha.

Vaa kwa tabaka tatu. Ndani kabisa, taiti ndefu na fulana ya mikono mirefu, zote za laikra. Juu yake wetisuti. Juu ya wetisuti, kaptula pana na fulana kubwa ya poliesta inayofika mapajani. Tabaka la ndani huifanya wetisuti iteleze unapoivaa, hulinda ngozi na konyeza wakati wa kuogelea bila wetisuti, na hukuacha umesitirika ukiivua. Tabaka la juu huficha umbo. Sharti la usalama ni moja, nalo halina mjadala: mkanda wa risasi ukae juu ya nguo zote, bizimu lake lionekane na lifunguke kwa mkono mmoja. Nguo ndefu yenye kupepea isiingie majini, kwani hujisokota kwenye mipira ya hewa na kwenye ngazi ya boti.

Burkini, vazi lililobuniwa nchini Australia na Aheda Zanetti mwaka 2004, ni zuri kwa kuogelea, lakini gauni lake fupi la juu hujikusanya chini ya wetisuti. Ukilivaa, mkato uwe wa kubana au gauni libaki nje. Kwamba stara na bahari hukaa pamoja, wasichana wa Zanzibar wamekwisha kuonyesha. Mwaka 2016 mpigapicha Anna Boyiazis aliwapiga picha wanafunzi wa shule ya Kijini, Muyuni, wakijifunza kuelea, kuogelea na kuokoa huku miili yao imefunikwa yote, na picha hizo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018.

Badala ya mtandio tumia kofia ya laikra inayofunika nywele, masikio na shingo. Usitumie pini kamwe. Huchoma neoprini, na zinaweza kukuchoma wewe. Ukingo wa kofia, na nywele zenyewe, visipite chini ya mpira wa miwani, la sivyo maji yatavuja mzamo mzima.

Kabla ya kulipa, uliza kituo kama kuna chumba cha kubadilishia, kama choo kipo botini, na kama kuna mwalimu wa kike wa kukufungia zipu. Mficha uchi hazai. Walimu wameshaulizwa makubwa kuliko hayo.

Ukiwa na wetisuti ya kukodi

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wetisuti ya kukodi imevaliwa na wengi kabla yako, na ukweli unaojulikana na kila mzamiaji ni kwamba baadhi yao wamekojoa ndani yake. Vituo vizuri huzisuuza na kuzitia dawa kila siku. Hata hivyo, usiivae bila kitu ndani. Nguo yako ya ndani ndiyo mpaka kati ya ngozi yako na ya waliotangulia, na kadiri inavyofunika sehemu kubwa ndivyo ilivyo bora.

Wapo watu ambao neoprini yenyewe huwatoa upele kwa sababu ya kemikali zinazotumika kuitengeneza. Kama wetisuti imewahi kukuwasha shingoni, viwikoni au nyuma ya magoti, fulana na taiti za laikra za mwili mzima zitakusaidia, na daktari wa ngozi atakuthibitishia chanzo. Mafuta mazito ya mgando, ambayo wengi hujipaka ili wasichubuke, hukatazwa na watengenezaji wengi wa wetisuti kwa kuwa huharibu mpira na gundi. Tumia krimu isiyotokana na petroli, upake kidogo kwapani, shingoni na kinenani.

Kuvaa na kuvua

Wazamiaji wa ng'ambo hupenda kuvika mguu mfuko wa plastiki ili upenye haraka kwenye wetisuti. Huku kwetu mfuko huo ni marufuku: Zanzibar tangu 2006, Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019. Soksi nyembamba ya nailoni hufanya kazi hiyohiyo, na taiti ndefu hufanya vizuri zaidi.

Vaa wetisuti kwa kuipandisha kidogo kidogo kuanzia kifundo cha mguu, ukiishika kwa nyama za vidole na si kwa kucha. Ikishafika kinenani, simama, weka nguo ya ndani sawa, ondoa kila mkunjo, ndipo uendelee juu. Mkunjo ulioachwa hapo hautarekebishika tena hadi mwisho wa mzamo.

Kuvua ndiko kunakoaibisha watu. Usikubali mtu akuvute miguuni kabla hujajishika. Shusha wetisuti hadi kiunoni, ingiza vidole gumba kati ya mpira na chupi, shika chupi kwa nje, ndipo usukume wetisuti chini ya makalio. Kisha keti, na hapo mwenzako anaweza kuvuta miguu. Mwanamke avae dera juu kwanza, maana dera ni chumba cha kubadilishia kinachobebeka. Mwanaume ajifunge kikoi.

Jaribu nyumbani

Huhitaji bahari ili kujua kama nguo inafaa. Ivae, ilowanishe bafuni, kisha ruka, chuchumaa na zungusha mikono. Halafu vaa juu yake suruali ya jinzi inayobana, tembea nayo robo saa, uivue kwa kuivuta miguuni. Nguo ikishuka nayo, itashuka na wetisuti pia. Mwishowe simama mbele ya kioo na nguo ile mbichi mahali penye mwanga. Unachokiona ndicho watakachokiona wa botini.

Mitumbani nguo nzuri za kuogelea hupatikana kwa bei nafuu, ila zikaguliwe. Ivute na uiachie: isiporudi upesi, au ukisikia mlio wa nyuzi zinazokatika, laikra imekwisha kufa. Iinue kwenye mwanga, hasa sehemu ya makalio, ambako kitambaa huchakaa kwanza. Chupi ya kuogelea ambayo karatasi yake ya ndani ya usafi imeshabanduliwa ichemshwe? La. Maji ya moto huua laikra. Ifue kwa sabuni na maji ya vuguvugu mara mbili, au uiache kabisa ukanunue mpya.

Baada ya kila safari, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikamue kwa kuibinya bila kuisokota, uianike kivulini. Jiki, jua kali na pasi huimaliza kabla ya wakati wake.

Kwa anayeanza na mwenye fedha kidogo, ushauri wangu ni huu: kabla ya kununua miwani ya bei au kamera ya chini ya maji, nunua taiti moja nyeusi ya laikra na fulana moja ya mikono mirefu. Zinamfaa mwanamume na mwanamke, zinafaa chini ya wetisuti yoyote, na zinakutosha hata siku wetisuti za saizi yako zimekwisha.